Leseni ya redio ndogo ya kidijitali Uingereza: namna ya kuiomba

Wengi wanaonipigia simu kuhusu redio ya DAB, yaani redio ya kidijitali ya hewani, huku Uingereza wanataka kuomba leseni wasiyoihitaji. Wana watangazaji wazuri, wana muziki, wana jamii inayowasubiri, na wamesikia kwamba Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hii, inatoa leseni za redio ya kidijitali kwa maeneo madogo. Basi wanataka masafa yao. Lakini kwenye DAB hakuna kituo kinachopewa masafa peke yake kama ilivyo FM. Masafa hupewa mwenye maltipleksi, yaani mtambo unaorusha vituo vingi pamoja kwenye masafa mamoja, na vituo hupanda humo kama abiria wa basi moja. Dereva ana leseni yake, na kila abiria naye ana yake.

Kwa hiyo amueni kwanza mnataka nini. Kama nia ni kusikika tu, ombeni leseni ya kituo. Iko ya kijamii, inayoitwa C-DSP, inayowataka muwe shirika lisilogawana faida na mwahidi kwa maandishi manufaa mtakayoiletea jamii. Na iko ya kawaida, DSP, isiyo na masharti hayo. Hapo hamshindani na mtu. Leseni ya maltipleksi ndogo ni ya wanaotaka kujenga na kuendesha mitambo yenyewe, kubeba vituo vya wenzao, na kuamshwa usiku wa manane transmita ikizima. Nikiwa fundi mitambo, nasema bila aibu kwamba vikundi vingi vinafaa kuwa abiria, na hakuna ubaya. Wanaobaki na hamu ya usukani waendelee kusoma.

Historia yake ni fupi, lakini ijueni, kwa sababu vigezo vyote vimetoka humo. Leseni za maltipleksi zilianzishwa na Sheria ya Utangazaji ya 1996. Zile za ngazi ya eneo zilifunika jiji kubwa au kaunti nzima, na gharama ya kupanda humo ilikuwa nje ya uwezo wa kituo cha watu wa kujitolea. Kisha mhandisi wa Ofcom, Rashid Mustapha, akaonyesha kwa majaribio yake mjini Brighton, mwaka 2012 na 2013, kwamba kompyuta ya kawaida na programu huria zinaweza kufanya kazi iliyokuwa ya mitambo ya bei mbaya. Mwaka 2015 yakafuata majaribio katika maeneo 10, yakiwemo Bristol, Cambridge, Glasgow na Norwich. Sheria ikapitishwa 2017, kanuni zake zikatoka 2019, na mwaka 2020 duru ya kwanza ya maombi ikafunguliwa. Leseni hii, basi, ilibuniwa ili vituo vidogo vipate pa kukaa. Anayeiomba anaomba kuwa mwenyeji.

Nalisisitiza hilo kwa sababu maombi mengi ninayoletewa niyapitie yameandikwa kitangazaji. Ukurasa wa kwanza ni vipindi vya asubuhi, wa pili ni picha za studio, wa tatu ni sifa za mtangazaji fulani mwenye sauti tamu. Sasa tazameni mambo matano ambayo sheria inaitaka Ofcom iyapime: ukubwa wa eneo mtakalolifunika, tarehe mtakayoanza kurusha, uwezo wenu wa kuianzisha huduma, kama mwombaji mwenyewe, au mshiriki ndani ya kampuni yake, ni mwenye kituo cha C-DSP au anayekusudia kukianzisha hapo, na ushahidi kwamba wenye vituo vya kijamii na vya eneo hilo wanaihitaji maltipleksi yenu. Kipindi cha asubuhi hakimo. Sauti tamu haimo.

Lisomeni tena hilo la tano. Linauliza mahitaji ya wenye vituo. Wasikilizaji hawakutajwa. Nimeona watu wakisimama sokoni kukusanya saini za wapita njia, daftari zima likajaa, halafu barua za vituo wakawa nazo mbili. Daftari lile halina pa kuingia kwenye fomu. Muda ule wangeutumia kumtembelea kila mwenye redio ya intaneti mjini, kila kituo cha FM cha kijamii, kile cha Wapolandi, cha Wakaribi, cha chuo, cha hospitali. Kila mmoja aandike barua kwa karatasi yake na maneno yake: kituo ni kipi, kina leseni au kinakusudia kuiomba, kinataka nafasi kiasi gani, na kama kimekubaliana na makadirio ya ada. Barua kumi zenye maneno yaleyale, majina tu yamebadilishwa, zinamwambia msomaji kwamba aliyeziandika ni mmoja.

Kuhusu jambo la nne, msilifanye la kupaka rangi. Kuna wanaomweka mwenye kituo cha kijamii kwenye kampuni kwa hisa ya mapambo, hana kura, hajui hata mkutano uko lini. Muingizeni kwa dhati, apate nafasi kwenye bodi, na maombi yaseme wazi ana sehemu gani katika maamuzi. Papo hapo angalieni nani haruhusiwi: chama cha siasa hakiwezi kuwa na leseni ya utangazaji, na vyombo vya dini vina masharti yake ya pekee. Kama kanisa au msikiti wenu umo kwenye mpango, someni masharti hayo kabla ya kuandikisha kampuni.

Tukija kwenye eneo, hamchagui mnapotaka. Ofcom hutangaza maeneo kwa duru, kila moja na mipaka yake kwenye ramani, na maombi hupokewa kwa muda uliowekwa. Ikifungwa, imefungwa. Kwa hiyo kazi ya kutafuta mnara huanza kabla tangazo halijatoka, na hapa ndipo maombi mengi hufa au hupona.

Mnara si lazima uwe mnara. Ghorofa ndefu, tangi la maji, mnara wa kanisa, paa la chuo, chochote kirefu kinachoona mji kinafaa, mradi mwenye mali akubali, umeme uwepo, na fundi aweze kufika muda wowote. DAB huku hutumia masafa ya bendi ya tatu, kuanzia MHz 174, ambayo antena yake ya dipoli ni fupi kuliko ya FM na huwekwa wima. Nguvu kubwa haihitajiki. Wati mia moja kutoka mahali palipo juu huwashinda wati mia tatu kutoka mahali palipo chini, na bili ya umeme inakuwa ndogo. Tafuteni urefu kwanza, nguvu baadaye.

Mwenye mali awape barua, nayo itaje jengo, urefu wa antena, kodi au makadirio yake, na kwamba amekubali antena iwekwe endapo leseni itapatikana. Maneno ya mdomo ya msimamizi wa jengo si kitu, kwani msimamizi huhama kazi. Kikundi kimoja nilichokisaidia kiliahidiwa paa na mwenye jengo, chai ikanywewa, mikono ikapeanwa, na wiki ya kupeleka maombi jengo likauzwa. Kiliokoka kwa sababu kilikuwa na barua ya jengo la pili mkobani. Nanyi muwe na la pili.

Kama mji una bonde au kilima kinachozuia, mnaweza kuweka transmita mbili au tatu zote kwenye masafa yaleyale. Hili FM haiwezi bila kuvurugana, ila DAB iliundwa hivyo: kila alama hurushwa ikiwa na nafasi ya ulinzi ya mikrosekunde 246 hivi (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), muda ambao wimbi husafiri karibu kilomita 74, na mawimbi yanayofika ndani ya muda huo hayagombani, hujazana. Lakini transmita zote lazima ziende kwa saa moja, na saa hiyo hupatikana kwa kipokezi cha GPS kila kituo cha kurushia. Kiwekeni kwenye bajeti. Si ghali, ila hakikumbukwi.

Kuna adui mwingine wa kimyakimya. Transmita yenu ikiwa katikati ya mji, karibu na nyumba za watu, inaweza kuziba vipokezi vya jirani visiweze kuzishika maltipleksi za masafa ya karibu, ikiwemo ya BBC. Mkazi wa mtaa huo hatajua ni nyinyi. Atajua tu kwamba redio yake imenyamaza. Ofcom huliangalia jambo hili kwa makini, kwa hiyo maombi yaonyeshe mmelipima: pana nyumba ngapi karibu na antena, filta ni ya aina gani, na kama inabidi kupunguza nguvu au kuhamia pembeni ya mji. Pia onyesheni kwamba mionzi kwenye paa itabaki ndani ya viwango vya usalama vya kimataifa vya ICNIRP. Fundi wa kiyoyozi anayepanda paa lilelile naye ni mtu.

Hesabu ya nafasi ni rahisi kuliko watu wanavyoiogopa. Maltipleksi moja ina vipimo 864 vya uwezo. Kituo cha DAB+, aina mpya ya DAB, cha kilobiti 64 kwa sekunde, kwa ulinzi wa kawaida dhidi ya makosa ya mawimbi, hula vipimo 48, kwa hiyo vinaenea vituo 18. Kwa kilobiti 48 vinaenea 24, na kwa 32 vinaenea 36. Msidanganyike na hiyo ya mwisho. Kilobiti 32 zinafaa kwa mazungumzo, lakini taarabu yenye vinanda na ngoma itasikika kama inapigwa chini ya maji. Mimi hupanga kwa wastani wa 48 na kuacha akiba. Kumbukeni kwamba sehemu ya nafasi lazima itengwe kwa vituo vya C-DSP, haiuzwi kwa wengine hata kama wanalipa zaidi, na mpango wenu wa fedha usiihesabu kama ya biashara.

Fedha nitazipitia upesi. Upande wa kutoka kuna kodi ya paa, umeme, intaneti ya kuleta sauti za vituo, bima, matengenezo na ada za Ofcom. Leseni za muziki za PRS na PPL, mashirika ya hakimiliki za muziki, hulipwa na vituo vyenyewe, msizijumlishe. Upande wa kuingia kuna ada za vituo. Pigeni hesabu ya mwaka wa kwanza mkiwa na nusu tu ya vituo mlivyoahidiwa. Ikisimama, iandikeni hivyo. Ikianguka, rudini kwenye nguvu, paa au ada, wala msizibe pengo kwa ruzuku ambayo bado haijaidhinishwa. Msomaji wa maombi ameshaona ruzuku za kufikirika za kutosha.

Kwenye uwezo wenu, andikeni watu. Nani ameshawahi kufunga antena? Nani anaijua Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta? Maana programu huria za ODR (Opendigitalradio), zinazochanganya vituo na kutengeneza wimbi, huendeshwa humo. Nani atakuwa zamu sikukuu ya Krismasi? Kama fundi ni wa kukodi, ambatisheni barua yake. Kurasa mbili za namna hii zina uzito kuliko kumi za historia ya chama.

Ratiba nayo iwe ya kweli. Anayeshinda hutakiwa kuwa hewani ndani ya miezi 18, na huo si muda mrefu ukiingiza kibali cha mipango miji, mkataba wa paa na kusubiri vifaa. Kuahidi miezi mitatu ili kuvutia kunawaonyesha kwamba hamjawahi kufunga mitambo. Gawanyeni kazi kwa miezi, na kila mwezi muutajie mhusika.

Kabla ya kutuma, tenganisheni ya siri na ya wazi. Ofcom huchapisha sehemu kubwa ya maombi, na washindani wenu wataisoma. Kodi mliyokubaliana na mwenye jengo, hesabu za benki na anwani za nyumbani ziende kwenye viambatisho vya siri. Ramani ya eneo na orodha ya vituo itaonekana na kila mtu. Kisha mpeni maombi mtu asiyejua lolote kuhusu redio ayasome. Akishindwa kusema antena itakaa wapi na nani atailipia, bado hayajakamilika.

Mkishinda, msiwashe transmita. Kushinda ni kupewa haki ya kuendelea. Mpango wa kitaalamu bado utakaguliwa, mtapangiwa bloku ya masafa, na pamoja na leseni ya utangazaji mtahitaji ya pili, ya kutumia masafa yenyewe, chini ya Wireless Telegraphy Act ya 2006. Wakati huo hakikisheni kila kituo kwenye orodha yenu kimepata leseni yake, kwa sababu kumbeba asiye na leseni ni kosa lenu. Siku ya majaribio zungukeni mji na vipokezi vya bei rahisi, vya aina ambayo wasikilizaji wanavyo jikoni.

Mkishindwa, mfuateni mshindi wiki ileile. Bado ana nafasi za kujaza, nafasi ya C-DSP haiwezi kuchukuliwa na kampuni kubwa, na barua mlizokusanya kutoka kwa vituo ni mtaji wa kukaa naye mezani kujadili ada.