Kosa la kipimo linavyoingia kwenye jibu, tutumie pendulamu

Wakuu habari. Kuna kitu kinaniuma sana kwenye ripoti za praktiko, mtu anaandika g (kasi ya kuongezeka kwa mwendo wa kitu kinachoanguka) = 9.78933 kwa vile kalkuleta imetoa hivyo, wakati uzi kaupima kwa rula na muda kaupima kwa kidole. Twendeni taratibu.

Pendulamu yetu ni kigololi kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea. Uzi mpaka katikati ya kigololi sm 50.0, kosa sm 0.1. Kwenda na kurudi mara 20 imechukua sekunde 28.4, kosa weka 0.2 maana kidole huwa kinachelewa kubonyeza.

Kwanza geuza kila kosa liwe asilimia: uzi 0.1 ÷ 50 ni 0.2%, muda 0.2 ÷ 28.4 ni 0.7%.

Pili rudi kwenye fomula, g = 4π²l/T², l ni urefu wa uzi (m 0.5) na T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja, 28.4 ÷ 20 = 1.42, asilimia ya kosa inabaki 0.7%. Vikizidishwa au kugawanywa, asilimia zinajumlishwa. Sasa T ina kipeo cha pili kwa hiyo asilimia yake inaingia mara mbili, 1.4%, na hapa ndo wengi wanapoteza maksi. 4 na π achana nazo, hazijapimwa.

Tatu jumlisha, 1.6%. Fomula inatoa g = 9.79, na 1.6% yake ni 0.16, andika 9.8 ± 0.2 m/s².

Umeona? Karibu kosa lote limetoka kwenye saa, kwa hiyo usihangaike na rula, ongeza idadi ya kwenda na kurudi. Ungepima mara moja tu, 0.2 ile ile kwenye 1.42 ni 14%, mara mbili 28%, g inaweza kuwa popote kati ya 7 na 12 na nusu!

MASWALI

– Ticha, T si inagawanya, kwa nini tusitoe?
Hujui kosa limeelekea wapi. Uzi ukizidi na muda ukapungua vyote vinasukuma g juu, so tunachukua hali mbaya zaidi.

– Kama fomula ina kutoa, mfano maji yametoka nyuzi 24 mpaka 27?
Hapo jumlisha makosa yenyewe sio asilimia. Kila usomaji ukiwa na 0.5 unapata 3 ± 1, yaani 33%, mbaya sana. Pasha mpaka yapande nyuzi 20, inabaki 5%.

– Nikirudia mara tatu nikachukua wastani?
Kosa la kidole litapungua kwa sababu mara linazidi mara linapungua. Ila rula iliyolika mwanzoni itakudanganya mara zote tatu, anzia kupima kwenye 1 halafu utoe 1.