Somo: Kupigia kura filamu bubu bila kuzidhulumu

Wanachama wenzangu, wengi mmeniomba niandike hatua kwa hatua namna sisi wa Moshi tulivyochagua filamu bubu, zile za zamani zisizo na mazungumzo, tunazozipenda zaidi. Nianze na tulipokosea. Tulikaa sebuleni kwa mwenzetu pale Majengo, nikauliza ipi inaongoza, watu wakanyoosha mikono. Charlie Chaplin akashinda kabla chai haijapoa. Wala si ajabu, maana sisi tumekua tukimwita mchekeshaji yeyote "chale". Lakini nilipouliza nani ameitazama filamu iitwayo Sunrise, mikono ilikuwa miwili. Tulikuwa tumepigia kura jina. Tukaifuta kura ile, tukaanza upya hivi.

Hatua ya 1: Orodha fupi, na zote zitazamwe
Tulichukua nane: The Kid (1921), Nosferatu (1922), Safety Last! (1923), The Gold Rush na Battleship Potemkin (zote 1925), The General (1926), Sunrise (1927) na The Passion of Joan of Arc (1928). Kila Jumamosi filamu moja, saa moja na nusu usiku giza likishaingia, ukutani kwenye shuka jeupe. Asiyeitazama filamu mpaka mwisho haipi alama.

Hatua ya 2: Kagua nakala na mwendo wake
Hapa naomba mtulie, maana ndipo filamu hizi zinapodhulumiwa zaidi. Zama zile kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na mwendo ulibadilika: fremu (yaani picha moja moja) 16 kwa sekunde, 18, 20, hata zaidi. Sauti ilipoingia, mwendo ukawa 24. Ukiichukua filamu ya fremu 16 ukaionyesha kwa 24, ya dakika 90 inakwisha kwa dakika 60, na mama anayelia msibani anaonekana kama anacheza ngoma. Vijana wakicheka, usiwalaumu.

Kwa hiyo itazame peke yako dakika kumi za mwanzo. Angalia watu wanavyotembea. Wakikimbizana kama kuku, punguza mwendo kwenye programu ya kuchezea video: 0.75 inakupa fremu 18, 0.67 inakaribia 16. Nakala nyingi zilizokarabatiwa zimesharekebishwa, hizo ziache zilivyo. Na vichekesho vingine vilikusudiwa kwenda kasi kidogo, kwa hiyo usipunguze mpaka uchekeshaji ukafa.

Andika pia urefu wa nakala. Filamu ya Metropolis ya mwaka 1927 ilikatwakatwa vibaya, na sehemu kubwa iliyopotea ilikuja kupatikana Buenos Aires mwaka 2008. Aliyeona nakala fupi na aliyeona ile ndefu hawajaona filamu moja. Hiyo ya Joan nayo, nakala yake ya kwanza kabisa iliibuka mwaka 1981 kwenye kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, baada ya miaka mingi ya watu kuamini imeteketea. Kila nikiiona sura ya yule binti ukutani kwetu nalikumbuka kabati lile.

Hatua ya 3: Msomaji wa maandishi
Yale maandishi yanayotokea katikati ya picha kueleza kinachosemwa yatafsiriwe mapema kwenye daftari, mtu mmoja ayasome kwa sauti. Wajapani walikuwa na wasimuliaji wao, benshi, waliosimama kando ya pazia na kuipa filamu sauti, na wengine walivuta watu kuliko waigizaji. Sisi tuliolelewa na muvi za kutafsiriwa kwenye vibanda umiza hatuhitaji kuelezwa raha yake. Ila kwenye usiku wa kura, msomaji asitie chumvi, la sivyo mtampigia kura yeye.

Hatua ya 4: Kura ya kupanga
Kila mtu aandike tano kwa karatasi, bila kuonyeshana. Ya kwanza alama 5, ya tano alama 1. Chukua mfano wa watu 14: The Gold Rush iwekwe ya kwanza na sita, wengine wanane wasiiandike kabisa. Inapata 30. Sunrise iwekwe ya kwanza na wawili, ya pili na saba, ya tatu na watatu: 10 na 28 na 9, jumla 47. Kwa mikono ingeshindwa vibaya, kumbe ndiyo waliyoipenda karibu wote. Hesabu mbele ya watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Kiboriloni: Kaka, City Lights ni ya 1931 na ina muziki wake. Ni bubu kweli?
Jibu: Ni bubu, dada. Ina muziki na milio, ila hakuna mazungumzo. Ukiikataa kwa sababu ya muziki, ikatae na Sunrise, maana nayo ilitoka na muziki uliorekodiwa. The Jazz Singer (1927) ndiyo tuliiweka kando, kwa kuwa mle watu wanaimba na kusema.

Mwanachama wa Arusha: Zikifungana je?
Jibu: Hesabu ipi imewekwa ya kwanza mara nyingi zaidi. Bado sare? Zishinde zote mbili.

Kijana wa Pasua: Shikamoo. Mbona matokeo yenu hayafanani na ya wataalamu?
Jibu: Marahaba. Wataalamu wenyewe hawafanani. Jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipopigisha kura ya filamu bora mwaka 1952, City Lights na The Gold Rush, zote za Chaplin, zilifungana nafasi ya pili. Mwaka 2012 Chaplin hakuwemo kwenye kumi bora. Filamu bubu zilizoingia ni Sunrise, Man with a Movie Camera na hiyo ya Joan.

Mama wa Rau: Nije na watoto?
Jibu: Karibu nao, mama, kwenye Safety Last! na The General. Usiku wa Potemkin waache nyumbani. Pale kwenye ngazi za Odessa askari wanafyatulia watu risasi, mama mmoja anauawa, na kigari cha mtoto wake kinaporomoka peke yake. Mimi mtu mzima nilisimamisha projekta, nikatoka nje kidogo.