Kabla hujanunua dawa ya nyanya, mtazame mdudu anavyokula

Majani ya nyanya yamegeuka rangi ya shaba, na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui. Mkulima ameshapiga dawa ya wadudu iitwayo imidaklopridi mara tatu, na kila akipiga hali inazidi. Haya hutokea sana kwenye nyanya za kiangazi, na inauma kwa sababu dawa aliyoinunua kwa jasho lake ndiyo iliyochangia.

Huyo ni utitiri mwekundu. Ana miguu minane, ni wa ukoo wa buibui na kupe, na dawa hiyo haimuui. Wanaokufa ni wale wanaomla, wakiwemo mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi. Tena watafiti wamegundua kuwa imidaklopridi hudhoofisha kinga ya mnyanya wenyewe dhidi ya utitiri. Huko Pennsylvania, Marekani, utafiti wa 2015 ulikuta jambo la aina hiyo kwenye soya: koa walikula miche iliyotiwa thiamethoksamu, dawa ya kundi moja na imidaklopridi, wasidhurike, mbawakavu waliowala koa hao wengi wakadhoofika au kufa, na koa wakaongezeka.

Imidaklopridi, thiamethoksamu na asetamipridi zote ni za kundi la dawa liitwalo neonikotinoidi. Hupanda ndani ya mmea na maji yake, kisha hushika mishipa ya fahamu ya mdudu palepale inaposhika nikotini ya tumbaku. Kwa hiyo anayedhurika zaidi ni mdudu anayefyonza maji ya mmea: kidukari na nzi mweupe. Kidukari aliyekunywa kidogo tu huacha kufyonza hata kabla hajafa. Kanitangaze anayechimba jani ni kiwavi, na kwake usiitegemee.

Nzi weupe ndio wanaoeneza ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa ya njano, ule wanaouita rasta. Mche ukiupata mapema, hauponi. Ndiyo maana mimi huweka nguvu kwenye kitalu: chandarua chenye matundu madogo sana kwanza, na dawa ya mfyonzaji pale tu wanapoonekana, kwa kipimo cha kwenye kibandiko.

Jambo linalopotosha wengi ni kubadilisha chupa wakidhani wamebadilisha dawa. Soma kibandiko, utafute alama ya 4A, ambayo ndiyo ya kundi la neonikotinoidi. Chupa mbili zenye alama hiyo ni kundi moja, na nzi weupe waliokwisha kuizoea ya kwanza mara nyingi hawaiogopi ya pili. Awamu inayofuata tafuta kundi jingine.

Mimea ikianza kutoa maua, weka neonikotinoidi kando, hasa ukiwa na matikiti au alizeti jirani, kwa kuwa sumu hufika kwenye chavua na nekta ambayo nyuki huchukua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku imidaklopridi, thiamethoksamu na klothianidini, nayo ya kundi hilo, kutumika kwenye mashamba ya wazi, ili kuwalinda nyuki.

Asubuhi, kabla hujaenda duka la pembejeo, shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligonge. Vikidondoka vinukta vinavyotembea, omba dawa ya utitiri. Wakiruka weupe kama vumbi, ni nzi weupe.