Mbolea ya ruzuku: mambo ya kuweka sawa kabla ya mvua

Ruzuku ya mbolea haiji mkononi kama fedha. Serikali inafidia sehemu ya bei, wewe unamlipa wakala iliyobaki. Ilipozinduliwa Mbeya kwenye Nane Nane ya 2022, mfuko wa kilo 50 wa urea, mbolea ya kukuzia, uliokuwa umepita shilingi 120,000 ulishuka hadi 70,000, na DAP, mbolea ya kupandia, ikauzwa 70,000 vilevile. Nafuu kubwa, lakini piga hesabu: ekari tatu za mahindi, kila moja mfuko wa kupandia na wa kukuzia, ni 420,000 kwa bei ya msimu ule. Mavuno yakiingia ndani, tenga magunia ya kuuza ili ununue mbolea kabla hujaanza kuchangia harusi na kipaimara.

Usajili ndiko wengi tunakokwama. Nenda kwa mtendaji wa kijiji Agosti au Septemba, hata kama ulijiandikisha mwaka jana, uhakikishe taarifa zako bado ziko sahihi. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kama kijijini wanakuita Baba Tumaini, mfumo haumjui huyo. Namba ya simu iwe ya laini unayoishika mwenyewe. Mimi niliwahi kuandikisha laini ya mdogo wangu, naye akaenda Chunya kutafuta dhahabu. Ujumbe wenye namba yangu ya mkulima, ile ya kununulia mbolea ya ruzuku, ulimfuata machimboni, mimi nikabaki dukani nikitazama wenzangu wakipakia.

Ekari nazo zisikadiriwe kwa macho, maana kiasi utakachoruhusiwa kununua kinafuata ukubwa wa shamba ulioandikwa. Wazee hupima hatua sabini kwa sabini, na si mbali na ukweli. Shamba la kukodi lina mgogoro wake: mwenye shamba anaweza kuwa ameliandikisha jina lake, na wewe unayelima ukaambiwa limekwisha kuandikwa. Hilo mlimalize siku mnapopatana bei ya kukodi, mbele ya mtendaji ikiwezekana. Likiachwa mpaka Novemba, mnaanza kutazamana vibaya.

Namba yako ya mkulima usimpe mtu. Kuna wanaopita wakisema, "Mama, wewe mwaka huu hulimi sana, nikuchukulie mifuko miwili tu." Ukija kuhitaji, mgao wako umeshaliwa, na kwenye kumbukumbu aliyenunua ni wewe.

Usafiri. Anayeishi Umalila au milimani Kilolo haelezwi habari ya utelezi. Wakala akiwa mbali, jikusanyeni watu sita au saba mkodi gari moja barabara ikiwa kavu. Bodaboda kwa kila mfuko inakula ile nafuu yote. Dai risiti, na angalia mshono wa mfuko kabla hujalipa.

Nyumbani mbolea ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mbegu na chakula. Urea huvuta unyevu, na mfuko ukifunguliwa mapema unakuta mabonge.

Kama mahindi yako yanadumaa kila mwaka ingawa unaweka mbolea, peleka udongo ukapimwe TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, kabla ya kununua. Udongo wa huku Nyanda za Juu Kusini mara nyingi una tindikali, na pengine shamba linadai chokaa kwanza. Majibu nayo huchukua muda, kwa hiyo chimba sampuli mapema, shamba likiwa halijaguswa jembe.