Anza na kinachouzwa kaunta, ndipo uchore saketi

Ukiingia Kariakoo na mchoro wa saketi ulioutoa mtandaoni, ukamkabidhi muuzaji orodha ya spea, utatoka na nusu yake. Ataisoma, ataguna, kisha: "Mwalimu, hizi haziji siku hizi." Wala hakudanganyi. Michoro mingi ya mtandaoni ilichorwa na Wamarekani na Waingereza waliokuwa na duka la spea karibu na kwao, lenye droo za rezista za kila thamani. Hata huko mambo yamebadilika: RadioShack ya Marekani iliomba kinga ya kufilisika Februari 2015, na Maplin ya Uingereza ikaanguka 2018. Siku hizi Mmarekani anaagiza DigiKey, kampuni ya mji mdogo wa Thief River Falls, Minnesota, na baada ya siku chache bahasha iko mlangoni. Ukiiagiza wewe uliye Morogoro kama mimi, nauli itaishinda bei ya vilivyomo.

Sisi maduka bado tunayo, ila hayakufunguliwa kwa ajili yetu tunaounda vitu kwa kupenda tu. Duka la spea la Kariakoo, sawa na yale ya Luthuli Avenue kule Nairobi, linamhudumia fundi, na fundi ananunua kinachoungua. Enzi za TV za chogo kaunta zilijaa vitu vya TV za chogo. Leo vinavyoungua ni sabufa, ving'amuzi, inveta za sola na chaja, na kaunta nyingi zilizokuwa za rezista zimepangwa vioo vya simu.

Kwa hiyo geuza utaratibu: jua kwanza kinachoungua mjini, kisha tafuta mchoro unaotumia hicho hicho. Sabufa zinakuhakikishia aisii (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) ya amplifaya TDA2030, kaka yake mkubwa TDA7294, aisii ya 4558 ya kukuza sauti ndogo, na transista C945. Inveta zinaleta transista za nguvu IRFZ44N na IRF3205, na aisii ya kuziendesha, SG3525. Powasaplai za TV na ving'amuzi zinaleta TL431 ya kudhibiti volti, PC817 inayopitisha ishara kwa mwanga, dayodi 1N4007 na kapasita za 1000 µF kwa 16 V. Ongeza 7805 na 7812 za kutoa volti 5 na 12 zilizotulia, pamoja na aisii ya kuhesabu muda, 555, ambayo Signetics waliitoa mwaka 1972 na hadi leo haijakauka madukani. Kwa orodha hiyo vijana wangu wa klabu ya fizikia wanaunda taa inayojiwasha jioni, kengele ya tangi la maji na amplifaya ya darasani, na hawahitaji kitu kutoka ng'ambo.

Rezista ndizo zinazosumbua, kwa sababu fundi anatumia thamani chache. Usibishane na muuzaji, unganisha. Mbili za 2.2 k (k ni ohm elfu moja) ukiziweka sambamba unapata 1.1 k, na mchoro unaotaka 1 k ya kulinda taa ndogo ya LED hautajua tofauti.

Transista zinahitaji uangalifu zaidi. Tuseme mchoro wa kengele ya tangi unataka BC547, na duka lina C945. Kwa kazi hiyo C945 inatosha kabisa, ila miguu haikupangwa sawa. Shika transista upande bapa ukutazame, miguu ikining'inia chini. BC547, kutoka kushoto, ni kolekta, besi, emita. C945 ni emita, kolekta, besi. Ukiichomeka kama mchoro ulivyo, kengele haitalia na utalaumu maji. Tena usiamini hata hayo niliyoandika, pima. Weka multimita, mita ya kupimia umeme, kwenye alama ya dayodi. Tafuta mguu mmoja ambao, waya mwekundu ukiwa hapo, mweusi unasoma karibu 0.6 hadi 0.7 kwenye miguu yote miwili iliyobaki. Huo ndio besi. Sasa linganisha namba hizo mbili taratibu, maana zinakaribiana sana, pengine 0.672 na 0.679. Mguu wenye namba kubwa kidogo ndio emita. Usiibane transista kwa vidole wakati unapima; joto la mkono linaishusha namba na tofauti yenyewe ni ndogo.

Feki zipo, na zimejazana kwenye aisii kubwa za amplifaya. Mimi nikiona TDA7294 mpya inang'aa kwa bei ya bure, nachukua ya kuchomolewa kwenye mashine. Imeshafanya kazi mahali, miguu yake ina mabaki ya risasi ya kuchomelea, na jina lake halifutiki ukilipangusa kwa pamba yenye spiriti. Kama ni lazima ununue mpya, nunua moja, ipe mzigo jioni nzima, kisha ndiyo urudi kuchukua nyingine. Muuzaji mzuri hakasiriki ukimwambia hivyo mapema. Anayekasirika, muage kwa heshima.

Duka lako la pili ni bodi mbovu. Muombe fundi wa mtaani kwako akuwekee mizoga ya ving'amuzi na powasaplai za kompyuta. Nenda na soda mbili na shikamoo, hasa kama ni mzee, na usichague mbele ya wateja wake. Kabla hujagusa chochote kwenye powasaplai, itafute kapasita kubwa iliyoandikwa 400 V. Umeme wetu wa 230 V ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja unafika karibu 325 V, na kapasita ile inaweza kuukalia muda mrefu baada ya plagi kutoka. Mafundi wengi huimaliza umeme kwa kuigusanisha miguu yake kwa bisibisi. Usiige. Shika kwa koleo lenye mpira rezista ya 2.2 k ya wati 5, igusishe miguu yote miwili kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita uone imeshuka chini ya volti chache. Baada ya hapo bodi ni yako: dayodi, koili, hitisinki, soketi, skrubu. Kapasita ya eletroliti iliyovimba kichwa itupe bila kuipima.

Kilichobadilika kuliko vyote ni moduli, yaani bodi ndogo zinazouzwa zikiwa zimeshaundwa. Kati ya bodi unazozipangia kazi kwa kompyuta, Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ESP32 ikaja 2016, na Raspberry Pi Pico ilitoka 2021 kwa dola 4. Sasa maduka machache ya Dar na Nairobi yanauza bodi hizo pamoja na sensa zake, mengi yakiwa hayana hata kaunta: unalipa kwa simu, bodaboda analeta. Wakongwe wenzangu wananung'unika kwamba vijana hawachomelei tena. Mimi nawaruhusu vijana watumie moduli, kwa sharti moja, waisome kwanza. Chukua ile ya kuchajia betri ya lithiamu, TP4056, inayopatikana karibu kila mahali. Kwa kawaida inakuja na rezista ndogo ya 1.2 k inayoiamuru kutoa ampia 1. Ukiifunga kwenye kibetri cha 500 mAh kutoka spika ndogo ya bluetooth, unakichaji kwa kasi maradufu ya inayofaa, nacho kitavimba. Badilisha rezista hiyo uweke 2.4 k, ishuke hadi nusu ampia. Kazi hiyo inataka ncha nyembamba ya pasi ya kuchomelea na macho ya kijana.

Kuagiza China kuwe hatua ya mwisho, kwa vitu ambavyo fundi hanunui kamwe. Msishindane kuagiza mmoja mmoja. Kusanyeni mahitaji, agizeni kwa pamoja, na mtumie wakala wa mizigo wa Guangzhou anayesafirisha kwa kilo. Spea ni nyepesi, nauli ikigawanywa inakuwa ndogo. Betri zitoeni kwenye orodha, kwani za lithiamu zina masharti yake kwenye ndege na zinaweza kuusimamisha mzigo wote. Hizo zitafuteni kwenye pakiti za laptop zilizokufa: seli inayosoma chini ya volti 2 iacheni, zilizobaki zichajini mkiwa mmekaa hapo hapo.

Kariakoo nenda asubuhi katikati ya wiki, usiende Jumamosi. Muuzaji mwenye nafasi atakufungulia boksi la chini ya kaunta ambalo hakumbuki mwenyewe lina nini.