Nyumba ya wanasesere ya Kiingereza: ficha msasa kwanza

Hapa tunazungumzia kukarabati nyumba za wanasesere za mbao za London za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kama zile za watengenezaji wa vifaa vya kuchezea G. & J. Lines: uso wa mbele hufunguka kwa bawaba, nje imebandikwa karatasi iliyochapwa matofali, ndani vyumba vina meko na karatasi za ukutani tabaka juu ya tabaka.

1. Piga picha, fungua. Skrubu za kila bawaba ziingie bahasha yake yenye jina la mahali zilipotoka. Zina mtaro mmoja. Usizibadilishe kwa za nyota.

2. Sumu. Chukulia kwamba rangi ina madini ya risasi, na kwamba karatasi ya kijani ina arseniki. Kwa hiyo msasa mkavu hapana, na moto wa kubabua rangi hapana. Vaa glovu na barakoa ya FFP3 (ya kuchuja vumbi laini), futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, watoto wakae mbali.

3. Wadudu. Matundu ya milimita 1 hadi 2 yanaweza kuwa ya zamani sana. Weka nyumba juu ya karatasi nyeusi wiki kadhaa. Ungaunga mpya ukidondoka, wadudu wangali hai: funga kwa nailoni isiyopitisha hewa, gandisha kwa nyuzi -18 kwa wiki mbili, kisha iache imefungwa siku nzima ipate joto la chumba, la sivyo mbao italoa.

4. Karatasi za ukutani. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibiwa. Usitumie mvuke. Mvuke hauchagui: unalegeza tabaka unalotaka kutoa, unalegeza la chini yake, halafu unalegeza gundi ya ngozi (gundi ya asili ya ngozi za wanyama) iliyoshika kuta zenyewe.

Jaribu kwanza nyuma ya ngazi. Gusa kila rangi kwa kijiti cha pamba chenye maji, kandamiza karatasi nyeupe ya kunyonya kwa sekunde kumi. Rangi ikihamia kwenye karatasi hiyo, tabaka hilo usililoweshe kabisa.

Ikitulia, tengeneza jeli ya methiliselulosi safi (unga unaotokana na selulosi ya mimea), gramu 4 kwa mililita 100 za maji. (Gundi ya dukani ya kubandikia karatasi za ukutani siitaki, nyingi zina dawa ya ukungu, na nyingine zimechanganywa plastiki.) Nyunyiza unga kwenye theluthi ya maji yakiwa moto, koroga, ndipo uongeze yaliyobaki yakiwa baridi. Ukianza na maji baridi utapata madonge. Ilale usiku mmoja.

Laza nyumba ili ukuta unaoshughulikia uwe chini kama sakafu, maana ukiwa wima jeli itateremka. Tandika karatasi nyembamba ya Kijapani ya sentimita 5 kwa 5, paka jeli unene wa milimita 3, funika kwa nailoni, ngoja dakika 15. Acha sentimita moja kavu kwenye kila kona, kwa sababu hapo ndipo kuta zilipoungwa. Ondoa jeli, penyeza kisu butu chembamba, kisha vuta tabaka la juu ukilikunja lilalie mgongo wake. Ukilivuta kuelekea juu, litang'oka na la chini. Nyuzi za tabaka la chini zikianza kusimama kama manyoya, acha mara moja. Rudisha jeli dakika tano.

Palipopakwa rangi ya plastiki jeli haipenyi. Jaribu kuibandua ikiwa kavu, ukianzia ukingoni. Mara nyingi haikushika vizuri.

Ukiona tabaka la chini limebaki chini ya nusu, liache la juu. Na kila tabaka unalotoa, bakiza kipande cha sentimita 2 nyuma ya meko.

5. Viungo. Gundi ya ngozi: sehemu moja ya chembe kavu za gundi, mbili za maji baridi, ilowe usiku, ipashwe hadi nyuzi 60 bila kuchemka. Gundi nyeupe ya seremala iache dukani, kwani atakayekuja baada yako hataweza kuifungua kwa maji ya uvuguvugu.

6. Rangi. Jaza palipobanduka tu, kwa rangi ya maji.

7. Mlango. Ukikwama, usipige randa. Kwa kawaida mbao iliyo chini ya bawaba imebonyea. Fungua bawaba, weka kipande cha kadi ya nusu milimita nyuma yake, rudisha skrubu zilezile.