Jinsi ya kulisoma neno "nice" usidanganyike

Wanafunzi wangu wa darasa la jioni wanalipenda neno nice kupita kiasi: ubwabwa nice, harusi nice, shangazi nice. Siwagombezi. Shida huanza tukifungua maandishi ya zamani, maana huko neno hilo huwageuka.

Kwa hiyo kabla hujalitafsiri, tazama kwanza maandishi ni ya lini. Nice liliingia kwenye Kiingereza mnamo mwaka 1300 kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa mjinga, mpumbavu. Asili ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Ndani yake mna scire, kujua. Ndiyo, lina undugu na science! Enzi hizo ukimwita mtu nice umemtukana.

Kutoka hapo likatangatanga: mtu wa kuchaguachagua, kitu laini, jambo dogo, jambo linalotaka umakini. Katika maandishi ya miaka ya 1500 na 1600 hata wataalamu hupata taabu kujua mwandishi alikusudia lipi. Hapo ninawafundisha kutafuta neno la kupinga lililo karibu. Katika Romeo and Juliet ya Shakespeare, Padri Laurence akisikia barua yake haikufika, anasema "The letter was not nice but full of charge". Darasani lazima mtu atasema barua haikuwa nzuri. Isome hiyo but: upande wa pili kuna uzito, basi upande huu kuna wepesi. Padri anasema haikuwa barua ya mambo madogo. Na kweli, kwa kutofika kwake wapenzi wawili wanakufa.

Maana ya kupendeza ilishika kasi baadaye, miaka ya 1700 ikielekea ukingoni. Lakini ile ya umakini haijafa. Ukikuta nice limekaa na distinction au point, hasa kwenye maandishi ya sheria, usiseme "tofauti nzuri". Ni tofauti ndogo sana, isiyoonekana ila kwa jicho kali.

Kwenye mazungumzo, sikiliza sauti. "Nice try" maana yake umekosa. "That wasn't very nice" kutoka kwa Mwingereza mpole ni karipio hasa. Na chai ikiwa "nice and hot", imepata moto unaotakiwa, basi. Hakuna uzuri wa kutafsiri hapo.

Mwisho, jua kamusi yako imepangwaje. Kamusi za wanafunzi huanza na maana inayotumika zaidi. Oxford English Dictionary, ile kubwa, hupanga maana kwa umri, kongwe mbele. Mwenye haraka akichukua namba moja humo, atamwandikia bosi wake barua ya shukrani akimsifu kwa upumbavu.